Begi la Kilo 23: Somo la Kubeba Chakula cha Kwetu kwenda Ng'ambo

Kila mwaka ukiingia mwezi wa Agosti, habari za nani kapata nafasi ya kusoma nje huenea Pemba kabla hata barua ya chuo haijamfika mwenyewe mkononi. Iwe Uturuki, China, India, Ujerumani au Omani, mtu wa kwanza kukutafuta si wa benki wala si wa uhamiaji. Ni jirani. Anakuja na pakacha, au bati la biskuti lililozungushwa selotepu, na ombi lake ni fupi: "Mwanangu, nifikishie hiki kwa fulani." Nyumbani nako mama ameshaanza kukausha samaki.

Mimi nasoma ualimu. Katika ukoo wetu ndiye ninayeitwa kufunga mabegi ya wasafiri, si kwa sababu nimesafiri sana, bali kwa sababu nasoma fomu mpaka yale maandishi madogo ya chini. Nimefunga begi la shangazi aliyekwenda Maskati kumwona mwanawe, mabegi mawili ya watu wa Umra, na mwaka jana begi la binamu yangu aliyekwenda Ujerumani kwa shahada ya pili. Kila mara nakuta maswali ni yaleyale, na majibu wanayopeana watu barazani yanapingana. Mmoja anakwambia kila kitu kinapita, mwengine anakwambia hata iliki utanyang'anywa.

Mwalimu wetu wa mbinu za kufundishia angetaka lengo mahsusi liandikwe juu ya somo. Haya, hili hapa: mwisho wa makala hii msomaji aweze kusimama jikoni kwao, aangalie chakula chochote, na aseme mwenyewe kama kitapita mpakani au kitaishia kwenye pipa la forodha. Bila ya kumuuliza mtu.

Afisa haulizi kama ni kitamu

Nimewasikia wenzetu wengi wakisema sheria hizi ni roho mbaya tu ya nchi za watu, au kwamba wanaona chakula chetu kichafu. Hasira hiyo naielewa. Mama amekaa siku tatu akipika, halafu mtu aliyevaa glavu anatupa kila kitu mbele ya macho yako. Lakini afisa yule hapimi usafi wala ladha. Anatafuta jambo moja: ndani ya chakula hiki kuna kitu kilicho hai kinachoweza kushuka hapa na kuanza maisha mapya? Yai la nzi ndani ya embe, kirusi ndani ya nyama, mbegu inayoweza kuota, ugonjwa uliojificha kwenye kipande cha shina.

Mfano wa kwanza ni Uingereza mwaka 2001. Ulizuka ugonjwa wa miguu na midomo kwa mifugo, na kabla haujazimwa waliuliwa wanyama zaidi ya milioni 6. Chanzo kilichoonekana kuwa na uwezekano mkubwa ni nyama iliyoingizwa nchini kinyume cha sheria, ambayo mabaki yake yaliingia kwenye makombo ya kulishia nguruwe. Tangu hapo ukitaja nyama kwenye begi, mtu wa forodha wa Ulaya hacheki.

Mfano wa pili ni wetu sisi, na hapo ndipo wanafunzi wenzangu huwa wananyamaza. Mwaka 2003 alionekana Kenya nzi wa matunda ambaye asili yake ni Asia. Leo yuko sehemu kubwa ya Afrika. Mwenye mwembe wowote hapa Pemba anamjua bila ya kujua jina lake la kitaalamu: embe kwa nje nzuri, imeiva, ukiipasua funza wanacheza ndani. Huyo hakuogelea Bahari ya Hindi. Alibebwa ndani ya tunda na mtu ambaye pengine hakuwa na nia mbaya yoyote. Na mhogo je? Michirizi kahawia, ule ugonjwa unaoozesha kiazi ndani ya ardhi huku majani yakionekana mazima, kwa miaka mingi ulijulikana kuwa wa ukanda wa pwani. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana unatapakaa Uganda. Vipando vya mhogo ni njia yake moja kubwa, na vipando hubebwa na watu, kama zawadi, kwa mapenzi mema kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: chakula kilichopikwa vizuri, kilichokaushwa au kusagwa kina nafasi kubwa ya kupita, kwa sababu uhai umeshatoka. Kibichi, chenye maji, chenye mbegu au mizizi, kina nafasi ndogo.

Na hapa watu wa pwani tumebahatika. Fikiria majahazi. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na pwani ya Somalia, vimejaa tende na samaki wakavu wa chumvi. Kusi ikivuma vikarudi na boriti za mikoko na karafuu. Safari ya wiki kadhaa, jua kali, na hakuna friji. Kilichofaa kupakiwa ni kile kisichooza. Ng'onda, makopa ya mhogo, tende, achari, bizari zilizokaushwa juani, hivi vyote ni vyakula vya safari tangu zamani. Ndiyo maana ukilinganisha orodha ya forodha na kapu la baharia wa zamani, utakuta vinakubaliana zaidi kuliko unavyodhani.

Ulaya kwa kipimo cha jiko letu

Nichukue nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ndizo nilizozisoma kwa kina wakati wa safari ya binamu. Nchi nyengine zina sheria zao, na mwenye safari lazima aingie kwenye tovuti ya forodha ya nchi anayokwenda, si kundi la WhatsApp la waliokwenda miaka kumi iliyopita.

Nyama na mazao yake kwa anayetoka Tanzania haziingii, hata kidogo, hata za kukaushwa. Sambusa za nyama ulizogandisha, ziache mezani zikaliwe na waliokuja kukuaga. Maziwa na mazao yake nayo yamo kwenye katazo hilohilo, ukiacha maziwa ya unga ya mtoto mchanga yenye masharti yake. Hii maana yake kopo la samli ya nyumbani halipiti. Najua linauma, lakini samli ni maziwa.

Samaki ni habari nyengine kabisa. Msafiri anaruhusiwa hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi yake mwenyewe, mradi awe ametolewa matumbo kama ni mbichi, au awe amekaushwa, amepikwa au amefukizwa moshi. Kilo 20! Begi zima la kawaida ni kilo 23. Yaani ukitaka unaweza kwenda Ulaya na dagaa wa Tumbe na nguo za kubadilisha mara moja. Dagaa wenyewe si wageni wa safari. Dagaa wakavu wa Zanzibar wananunuliwa na wafanyabiashara wanaowafikisha mpaka Kongo. Ila wachambue vizuri, wakaushe tena siku mbili juani kabla ya safari, na uwafunge kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwengine. Harufu haikatazwi na sheria, lakini koti lako la baridi litakuwa jirani yao kwa saa ishirini.

Asali inaruhusiwa, hadi kilo 2. Mikate, keki na biskuti zisizojazwa nyama zinaruhusiwa pia, kwa hiyo vileja, visheti na mkate wa kumimina viko salama. Halua nayo imo katika fungu la vitamutamu, ingawa ndani yake mna samli, kwa sababu imeshapikwa ikawa kitu chengine. Isipokuwa halua inataka maelezo: ni nzito, ni nyeusi, inang'aa, na kwenye mashine ya kukagulia inaonekana kama donge. Iweke mahali pa kufikika, siyo chini kabisa.

Kuna samaki mmoja nataka nimtoe katika ile ruhusa, naye ndiye anayependwa kuliko wote: papa mkavu. Kwa kanuni ya uhai angepita. Lakini kuna sheria ya pili, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kama CITES. Papa wenye kichwa cha nyundo waliingizwa kwenye orodha yake mwaka 2013, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza jamii nzima ya papa ambao ndani yake mna wengi wa wale tunaowaona kwenye masoko yetu. Kumvusha mpaka kunataka kibali. Sasa niambie, kipande cha papa kilichokauka mpaka kikawa kama ubao, nani atakitambua ni wa aina gani? Wewe huwezi, na afisa ataamua atakavyo. Ushauri wangu: papa mle hapahapa na nazi nzito, siku ya mwisho kabla ya kuondoka.

Matunda, na kisa cha doriani

Tangu tarehe 14 Desemba 2019, karibu kila tunda, mboga au mmea unaoingia Umoja wa Ulaya kwenye begi la msafiri lazima uwe na cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na serikali ya nchi ulikotoka. Embe bila cheti, hapana. Shokishoki, hapana. Pilipili mbichi, kisamvu kibichi, bungo, vyote hapana.

Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani.

Niliposoma orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba. Doriani! Tunda ambalo hapa kwetu likiingia kwenye daladala abiria wanaanza kutafutana macho, ndilo Ulaya imeliruhusu. Lakini usikimbilie shambani. Mashirika mengi ya ndege yanalikataa kwa sababu ya harufu, na kwa hilo siwalaumu. Hii ni nukta ya kitaaluma kidogo, tuishike: sheria ya nchi unayokwenda na masharti ya ndege inayokupeleka ni vitu viwili tafauti, na chakula chako lazima kifaulu mitihani yote miwili.

Nazi imeruhusiwa, lakini fikiria uzito. Nazi nne ni kilo mbili au zaidi, na huko kuna tui la kopo. Na kama unabeba mbuzi ya kukunia, ule ulimi wake ni chuma chenye meno. Uweke kwenye begi kubwa la chini, usije ukaanza kumweleza askari wa usalama kwamba ni mbuzi.

Mtihani wa mkoba wa mkononi

Achari ya embe ni ya majimaji. Chatini ya nazi pia, asali pia, pilipili ya kusaga pia, urojo sisemi. Baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006, viwanja vya ndege vingi duniani vilianza kukataa vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwa kila chombo kwenye mkoba wa mkononi. Wapo walioanza kulegeza kwa sababu ya mashine mpya, lakini sisi watu wa Pemba hatupandi ndege moja. Ni boti au ndege ndogo mpaka Unguja, kisha Addis Ababa au Doha au Dubai, kisha huko mwisho. Kila unapobadilisha unaweza kukaguliwa upya, na kiwanja kimoja chenye msimamo wa zamani kinatosha kukumwagia achari yako. Kila chenye maji kiende begi kubwa, kifunikwe vizuri, kifunikwe tena, kisha kikae katikati ya nguo usizozipenda sana.

Kwa mkoba wa mkononi ninaweka vikavu vichache: kashata, tende, visheti. Safari ni ndefu na vyakula vya viwanja vya ndege bei yake ni ya kukaushia mate.

Ghuba na Makka: bizari nazo zina kesi

Ukienda Omani mambo yana ladha nyengine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na khasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, Maskati ilipokea watu wengi waliozaliwa au kulelewa Unguja, Pemba na pwani yote hii. Wajukuu zao mpaka leo wanaongea Kiswahili na kula mhogo wa nazi. Shangazi yangu kupeleka halua kule ni kama kumrejeshea mtu sahani yake, maana halua imetoka kwao, lakini alipeleka, na waliila. Alichoulizwa zaidi na wenyeji wake ni kama amekuja na dagaa.

Mtego wa Ghuba uko kwenye bizari, ambazo sisi tunaziona kama kitu kisicho na hatia kabisa. Saudi Arabia inakataza kuingiza kungumanga zikiwa peke yake, kwa sababu ukizila nyingi zinalevya. Kungumanga, hizi zinazoota kwetu, zinazotiwa kwenye chai na uji wa mzazi! Watu wawili wa Umra niliowafungia mabegi kila mmoja alikuwa nazo kwenye kifuko cha bizari ya pilau. Umoja wa Falme za Kiarabu nao unakataza khashkhash, zile mbegu ndogo za mpopi zinazotumika kwenye baadhi ya mapishi ya Kihindi, na hata mbegu chache zilizobaki chini ya begi zinaweza kukuletea kesi. Kwa hiyo bizari ya kuchanganya nyumbani, ambayo hata bibi aliyeitwanga hakumbuki kaweka nini, kwenda Ghuba haifai. Beba kila kimoja mbali mbali, kwa jina lake: mdalasini, iliki, pilipili manga, binzari nyembamba.

Karafuu ina kesi yake hapahapa nyumbani, kabla hata hujaiona bahari. Karafuu ya Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kuisafirisha nje kwa njia za pembeni ni magendo. Pakti ndogo ya dukani ya kutia kwenye pilau ni jambo moja. Pishi tatu ulizopewa na babu kutoka kwenye uchumaji wa msimu huu ni jambo jengine.

Vifurushi vya watu

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Hayo yote ya juu utayakuta kwenye tovuti. Hili hulikuti.

Kwenye kaunta ya ndege utaulizwa maswali mawili: begi hili umelifunga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Watu wa kwetu wanajibu "ndiyo" na "hapana" kwa kasi moja, kama wanaitikia salamu. Kumbe ndani mna vifurushi saba vya mtaa mzima, vitano havijafunguliwa. Begi lina jina lako na namba ya pasi yako. Kikitoka humo kitu, mwenye kuulizwa ni wewe, na mwenye kifurushi yuko Pemba anakuombea dua. Zipo nchi, China na Saudi Arabia zikiwemo, ambako adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya inaweza kuwa kifo. Sisemi jirani zetu wanauza unga. Nasema jirani naye hupewa na mtu, na huyo mtu hupewa na mwengine.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba usipokee cha mtu yeyote. Siukubali. Anayeuandika pengine hakulelewa na mtaa. Wewe umekula kwa jirani wakati mama yako yumo spitali, umechangiwa nauli ya boti, halafu siku ya safari unasema "samahani, sibebi"? Utakuwa salama, na ukirudi hutokuwa na pa kurudi. Msimamo wangu ni mwengine: pokea, lakini kifunguliwe mbele ya mwenyewe, kiandikwe, na kifungwe upya kwa mkono wako. Asiyekubali kifunguliwe, kinabaki.

Nitoe mfano wa safari ya binamu. Mwenyewe ameniridhia niuseme, na nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Bibi mmoja jirani alileta bati la biskuti, limezungushwa selotepu mpaka halionekani rangi, la mjukuu wake anayesoma mji mmoja na huo anaokwenda binamu. Ukumbi umejaa watu. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, njoo huku ndani nikuoneshe tunavyovifunga." Mama mkubwa akanikata jicho, kwake yeye kumfungulia mtu mzima zawadi yake ni kumwita mwizi.

Tulipokuwa chumbani nikamweleza yale maswali mawili ya kaunta, neno kwa neno, na kwamba binamu ataapa kwa jina lake. Bibi akanyamaza. Kisha akasema, "Fungua, mwanangu." Juu vileja. Chini ya vileja, ndani ya kitambaa cha kanga, unga wa kijivu, kiasi cha vijiko kumi.

Ilikuwa ni dawa ya mitishamba. Mjukuu alikuwa anaumwa tumbo miezi mitatu na hakuwaambia wazazi wake, kamwambia bibi peke yake. Bibi naye hakutaka mtaa ujue, asije mtu akasema mtoto kaenda Ulaya kuharibikiwa. Ile selotepu yote haikuwa ya kuficha magendo, ilikuwa ya kuficha aibu.

Nilimwambia vileja vitakwenda na unga utabaki. Unga usio na jina, usio na karatasi, ndani ya kitambaa, chini ya bati: hata kama ni majani ya mwarobaini matupu, binamu angeshikiliwa hapo mpaka maabara iseme. Akaniuliza, "Sasa mtoto ataponaje?" Hilo ndilo swali lenyewe, na sikutaka kulikwepa. Ujerumani mwanafunzi hasajiliwi chuoni bila ya kuonesha habari ya bima ya afya, kwa hiyo mjukuu alikuwa na daktari anayemlipia kila mwezi na hamtumii. Bibi hakuwa na habari hiyo. Tukarekodi sauti palepale kwa simu yangu, bibi anamwambia mjukuu wake aende kwa daktari kesho yake, na kwa namna alivyolisema lile "kesho" nadhani hata mimi ningekwenda.

Alipotoka ukumbini alikuwa na kitambaa chake chini ya buibui na bati tumelifunga upya. Hakuna aliyejua kitu. Mama mkubwa alininunia mpaka boti ilipoondoka.

Ndiyo maana nasema kufungua kifurushi kufanyike faragha. Ukifanya barazani mbele ya watu, utakuwa salama wewe na utakuwa umemvunja mtu. Tenga chumba, tenga siku moja kabla, siyo usiku wa safari, na uwe na daftari: nani kaleta, nini, uzito gani, kinakwenda kwa nani. Daftari hilo utalihitaji tena.

Mlango mwekundu

Ukifika, ukishachukua begi, viwanja vingi vya Ulaya vina milango miwili. Wa kijani ni wa asiye na cha kutaja. Mwekundu ni wa mwenye kitu. Wenzetu wanakimbilia kijani hata wana kilo kumi za dagaa, eti mwekundu unatafuta matatizo. Ni kinyume chake. Ukipita mwekundu na daftari lako, ukasema "nina samaki wakavu kilo sita, biskuti, asali kilo moja", kibaya kinachoweza kutokea ni kuambiwa kimoja hakiingii na kitupwe. Ukipita kijani na kilichokatazwa ukakamatwa, hapo umeshaingia kwenye kuficha. Marekani wana fomu na maswali yao ya mazao ya kilimo, na kwa aliyeficha faini inaweza kufika dola 10,000. Aliyetaja, hata kama kitu chake kimekatazwa, hatozwi kwa kukitaja.

Andika orodha kwa Kiingereza au lugha ya huko, kwa maneno ya kawaida. Usiandike "ng'onda" ukategemea afisa wa Frankfurt ajue. Andika ni samaki mkavu wa chumvi. Mara nyingi wanachokitupa ni kile wasichokielewa, na sisi walimu wa kesho tukishindwa kueleza samaki mkavu kwa sentensi moja, sijui tutaelezaje usanisinuru.

Nukta ya mwisho ya kufunga: mifuko. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki kabla ya Bara, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017. Ile mifuko myepesi ya rambo isikae hata kwenye begi. Tumia makopo yenye kifuniko cha kusokota, na mifuko mizito ya kufunga kwa kubana ambayo utabaki nayo. Pima begi nyumbani kwa mizani ya dukani. Kiwanjani kilo moja ya ziada inaweza kugharimu zaidi ya dagaa wote uliowabeba.

Na ukirudi likizo, yale yale yanakuhusu. Tofaa ulilobakisha kwenye ndege, mbegu za maua za kumpelekea mama, kipande cha jibini, vyote vinaingia kisiwa ambacho tayari kina nzi wa kigeni kwenye embe zake. Watu wa karantini ya mimea wapo kiwanjani Unguja. Wafuate wewe kwanza, na daftari lako.